SOMO: Kupima mkojo kujua hatari ya moyo (ACR)

Wadau za asubuhi. Hapa Dodoma watu wengi wenye presha wanapimwa mkojo kwa stripu, wanaambiwa protini hamna, wanaenda zao Nkuhungu wametulia. Inaniuma sana hii, maana stripu ya kawaida inashtuka protini ikiwa imeshakuwa nyingi. Kuna albumini, aina ya protini ya damu, kidogo kidogo inavuja mapema kabisa, stripu haiioni, na hiyo ndo inayobeba habari za moyo.

Ikoje sasa, figo inachuja damu kwa vimishipa vidogo sana, presha, sukari na sigara vikianza kuharibu utando wa ndani wa mishipa albumini inapenya, na mishipa ya moyo inakula hasara hiyohiyo. Groningen kule Uholanzi walifuatilia watu wa kawaida tu wa mjini, wakakuta albumini ikipanda kwenye mkojo na vifo vya moyo vinapanda, hata kwa wasio na sukari. Kikokotoo cha hatari ya moyo cha Marekani cha 2023 kinachoitwa PREVENT kina sehemu ya kujaza ACR, yani jibu la kipimo hiki cha albumini.

Hatua ya 1: Kitaje kipimo. Sema nataka ACR, yani uwiano wa albumini kwa kriatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo). Uliza kwanza kama maabara wanacho, zingine hawana.

Hatua ya 2: Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi, uanze kumwagika kidogo ndo ukinge. Ukiwa na homa, UTI, kichocho au dada uko kwenye siku zako, ahirisha. Na kama jana umeshinda unapalilia alizeti juani usipime leo, kazi nzito inapandisha albumini kwa muda.

Hatua ya 3: Soma jibu. Chini ya 30 mg/g ni sawa, 30 mpaka 300 imepanda, zaidi ya 300 ni nyingi sana. Wakiandika mg/mmol mipaka ni 3 na 30, angalieni hapo, watu wanachanganya.

Hatua ya 4: Rudia. Jibu moja halitoshi, mbili kati ya tatu ndani ya miezi kama mitatu hadi sita zikiwa juu ndo tunaamini.

Hatua ya 5: Mpelekee daktari pamoja na presha, sukari, kolestro na umri wako. Dawa za presha kama losartan na enalapril zinapunguza kuvuja lakini usijinunulie duka la dawa, mjamzito ndo kabisa asiguse.

MASWALI

Mkuu, huku Bahi joto kali, mkojo wangu mzito njano tii, jibu si litadanganya?
– Ndo kazi ya kriatinini kaka, mkojo ukiwa mzito zote mbili zinapanda, uwiano unabaki palepale.

Mama yuko Kondoa ana sukari, ACR 85. Ndo ana ugonjwa wa moyo tayari?
– Hapana dada, hatari yake imepanda tu. Arudie, presha na sukari zishushwe, na mwenye sukari apime kila mwaka hata akijisikia mzima. Mpe pole sana mama.

Mimi kifua kinabana nikipanda ngazi, nianze na huu mkojo?
– Ndugu yangu achana na mkojo kwanza. Nenda hospitali leo hii wakupime ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na kikibana ukiwa umekaa tu usiendeshe mwenyewe, tafuta mtu akupeleke.