Kutoka kimea cha kopo hadi punje zenyewe: kupika bia kwa sufuria moja na mfuko mmoja

Anayepika bia nyumbani kwa kimea cha kopo tayari anaijua nusu ya kazi: kuchemsha, kutia hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), kupoza, kutia hamira, kujaza chupa. Kilichobaki ni kile ambacho kiwanda kilimfanyia kabla ya kopo kufungwa, yaani kugeuza wanga wa shayiri kuwa sukari. Aliyewahi kuandaa togwa ameshauona ugeuzaji huo. Uji mzito, ukitiwa kimea cha ulezi baada ya kupoa kidogo, hulegea na kuwa mtamu bila kuongezwa sukari. Vimeng'enya vya shayiri iliyooteshwa hufanya kazi ileile, ila kwenye bia tunataka kuusimamia utamu huo kwa kipimajoto na saa.

Njia ya mfuko ilienezwa na wapikaji wa nyumbani wa Australia katika miaka ya 2000. Unapasha maji yote katika sufuria moja, unatandika mfuko wa kitambaa cha wavu ndani yake, unamimina kimea, unasubiri saa moja, unainua mfuko, kisha unachemsha maji matamu yaliyobaki humohumo. Huhitaji vyombo vitatu wala pampu. Wanaoshindwa mara ya kwanza hushindwa karibu kila mara kwa sababu moja kati ya tatu: kimea hakikuparazwa vya kutosha, joto halikupimwa vizuri, au maji hayakupimwa kabisa. Kwa hiyo tutakaa zaidi hapo.

Vipimo vilivyo hapa ni vya bia ya rangi ya dhahabu, lita 20 ndani ya ndoo ya kuchachushia, yenye kileo cha asilimia 5 hivi.

Sufuria na mfuko

Kwa lita 20 za bia tafuta sufuria ya lita 40. Utaanza na lita 29 za maji, na kila kilo ya kimea hujaza nafasi ya karibu lita 0.67, kwa hiyo kilo 5 zitapandisha maji hadi lita 32 na zaidi. Lazima ibaki nafasi ya kukoroga na ya povu.

Ukiwa na sufuria ya lita 30 bado inawezekana. Loweka kimea katika lita 23, halafu ukishainua mfuko, umwagie polepole lita 6 za maji ya digrii 75. Maji hayo hayapotei, huosha sukari iliyobaki kwenye punje. Ila hapo sufuria itakuwa imejaa karibu hadi ukingoni wakati wa kuchemsha, na usiiache hata dakika moja mpaka povu la kwanza litulie.

Mfuko uwe wa poliesta nyepesi, aina ya kitambaa cha pazia jembamba, au nailoni ya wavu mdogo. Uwe mpana kiasi cha kuizunguka sufuria yote kwa ndani na kukunjwa juu ya ukingo wake, ili kimea kiogelee kwa uhuru. Mfuko mdogo unaokibana kimea katikati ya sufuria huacha wanga mwingi bila kuguswa na maji. Mishono ipigwe mara mbili, maana mfuko uliolowa, wakati wa kuinuliwa, una uzito wa zaidi ya kilo 10. Chini ya sufuria weka wavu wa chuma au sahani yenye matundu. Plastiki ikigusa chuma kilicho juu ya moto huyeyuka, na kilo 5 za kimea zikimwagika ndani ya sufuria, kazi ya kuzichuja upya itakula jioni yako yote.

Kuparaza kimea

Hapa ndipo bia nyingi nyepesi zinapozaliwa. Duka likikuuzia kimea kilichokwisha kuparazwa, mara nyingi kimeparazwa kwa ajili ya vyombo vya kuchujia ambavyo hutegemea maganda mazima ili visizibe. Wewe unachuja kwa kitambaa, na kitambaa hakihitaji maganda mazima. Agiza kiparazwe mara mbili, au kama una kinu chenye magurudumu mawili, punguza nafasi kati yake hadi milimita 0.9 au 1.0.

Kagua kwa macho. Chukua kiganja kimoja na utafute punje nzima. Ukiona zaidi ya mbili tatu, rudisha kinuni. Punje iliyopasuka vipande viwili tu nayo haitoshi, kwa sababu maji hayafiki katikati yake ndani ya saa moja. Unga kidogo si tatizo. Lakini kimea kilichosagwa kuwa unga mtupu huziba matundu ya mfuko, na utabaki umeushikilia juu ya sufuria huku hautoi kitu.

Kwa pishi hili: kilo 4.7 za kimea cheupe cha kawaida na gramu 300 za kimea cha karameli.

Maji

Lita 29 si namba ya kubahatisha. Kilo 5 za kimea zilizokamuliwa hubaki na karibu lita 3.5 za maji, uchemshaji wa saa moja hupeperusha lita 3.5 hivi, na mashapo pamoja na hopsi chini ya sufuria hushikilia lita 2. Jumlisha na lita 20 unazotaka.

Ukitaka kupika nusu yake katika sufuria ya jikoni ya lita 20, usigawanye 29 kwa mbili. Mvuke hutegemea upana wa sufuria na ukali wa moto, haujui kama unapika bia nyingi au kidogo. Kwa lita 10 za bia na kilo 2.5 za kimea anza na lita 16. Na kabla ya siku ya kupika, chemsha maji matupu katika sufuria yako kwa nusu saa, pima yaliyopungua, zidisha kwa mbili. Namba hiyo ni yako peke yako, na itakufaa kuliko ya mtu yeyote.

Maji ya bomba yenye klorini huipa bia ladha ya dawa au plasta, isiyoondoka hata ukiihifadhi miezi. Nusu ya kidonge cha Campden (kidonge cha salfiti), kilichopondwa na kukorogwa ndani ya lita 29, huimaliza klorini kwa dakika chache. Maji magumu nayo yana kisa chake. Kwa kuwa unaloweka kwa maji yote mara moja, chokaa yake huelemea uchachu wa asili wa kimea, na pH, yaani kipimo cha uchachu, hupanda (ikipanda, uchachu umepungua). Inatakiwa iwe kati ya 5.2 na 5.6. Kijiko cha chai cha jasi husaidia. Ikiwa bado iko juu, tia asidi ya laktiki mililita moja kwa wakati, koroga, pima tena.

Saa moja ya digrii 66

Pasha maji hadi digrii 69 kama kimea chako kina joto la kawaida la chumba, digrii 22 hivi. Kimea kitayashusha hadi 66. Zima moto. Tandika mfuko, kisha mmoja amimine kimea taratibu huku mwingine akikoroga kwa mwiko mrefu, dakika tatu kamili. Mabonge ndiyo adui: kwa nje yamelowa, ndani ni unga mkavu, sawa na uji uliotiwa unga kwa haraka. Yavunje yote kwenye ukuta wa sufuria.

Pima joto sehemu tatu: juu, katikati, karibu na chini. Kati ya 64 na 65 utapata bia kavu na nyepesi kinywani, na kwenye 68 bia yenye mwili na utamu kidogo, kwa sababu kimeng'enya kinachotoa sukari inayolika na hamira hufa upesi joto linapopanda. Ukikuta 70, fungua mfuniko, tia lita moja ya maji baridi mara moja na ukoroge. Itashusha karibu digrii moja na nusu. Usiseme utarekebisha baadaye, maana ndani ya dakika chache hakuna cha kurekebisha. Ukikuta 62, inua mfuko kidogo usiguse chini, washa moto mdogo, koroga bila kusimama hadi 66.

Funika, zungushia blanketi mbili nzito kama moto umezimwa kabisa, koroga mara moja ikifika nusu saa. Kushuka digrii moja au mbili kwa saa nzima ni kawaida na hakuna madhara. Mwishoni unaweza kudondoshea tone la iodini kwenye kijiko cha maji hayo yaliyopoa: likigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo, ongeza dakika 15.

Kuinua na kukamua

Inua mfuko wima, polepole. Kamba na kapi iliyofungwa kwenye boriti au ngazi imara ni bora kuliko mgongo wako. Bila kapi, weka chujio kubwa la chuma juu ya mdomo wa sufuria na uukalishe mfuko hapo. Usokote mdomo wake, uache udondoke dakika 10, kisha ukamue kwa glavu nene za mpira au kwa mifuniko miwili ya sufuria. Wengi huogopa kwamba kukamua huleta ukakasi. Ukakasi wa maganda hutoka pale pH inapopita 6 na maji yanapozidi digrii 77, siyo kwa nguvu za mikono. Kamua bila wasiwasi.

Sasa pima. Poza kikombe kimoja hadi digrii 20 kabla ya kutumbukiza hidromita, kipimo kinachoonyesha wingi wa sukari (maji matupu husoma 1.000). Kwenye digrii 60 itakuonyesha pungufu ya takriban 0.015, na watu wengi wametupa lawama kwa kimea kizuri kumbe walipima kingali cha moto. Ukiwa na lita 25.5, unatarajia 1.041. Ukipata 1.036, tia gramu 370 za unga wa kimea, ndugu mkavu wa kile cha kopo ulichokuwa ukikipikia zamani, na hesabu itarudi mahali pake. Weka pakiti moja akiba siku za mwanzo. Njia nyingine ni kuendelea kuchemsha hadi zibaki lita 19: bia kidogo, nguvu ileile.

Kuchemsha, kupoza, kuchachusha

Hii unaijua, kwa hiyo kwa ufupi. Chemsha dakika 60 bila mfuniko, ili harufu ya mahindi yaliyochemshwa iondoke na mvuke. Mwanzoni tia gramu 25 za hopsi zenye asidi ya alfa, ile inayoleta uchungu, ya asilimia 10. Zikibaki dakika 10, gramu 20 za hopsi aina ya Cascade, na gramu 40 nyingine baada ya kuzima moto. Uchungu utakuwa karibu 32 kwa IBU, kipimo cha uchungu wa bia. Nairobi, ambako maji huchemka kwenye digrii 94 au 95, hopsi hutoa uchungu pungufu kidogo. Ongeza gramu 3 au 4 kwenye zile za mwanzo.

Poza kwa koili ya shaba hadi digrii 18, mimina kwenye ndoo safi ukiacha mashapo nyuma, hidromita isome 1.048. Pakiti moja ya gramu 11.5 ya hamira ya US-05 inatosha. Ichachuke kwenye digrii 18 hadi 20 kwa siku 10 hadi 14, mpaka isimame kwenye 1.010 siku tatu mfululizo. Mombasa au Dar es Salaam, ambako chumba kina digrii 28 au zaidi, hamira hiyo itatoa bia yenye ukali wa kuunguza kooni na kichwa kizito kesho yake. Huko tumia kveik, hamira ya mashambani ya Norwei, ambayo hufanya kazi safi kwenye digrii 30 hadi 38 na humaliza ndani ya siku chache.

Wakati wa kujaza chupa, gramu 6 za sukari ya kawaida kwa lita, yaani gramu 120 kwa ndoo nzima, zikiwa zimechemshwa kwenye maji kidogo. Wiki mbili kwenye joto la chumba kabla ya kuweka kwenye friji.

Kuhusu sheria, angalia ya mahali ulipo kabla ya kununua sufuria. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu galoni 100 kwa mwaka katika nyumba yenye mtu mzima mmoja, 200 wakiwa wawili au zaidi, na hairuhusu kuuza. Kwingine kibali huhitajika hata kwa matumizi ya nyumbani.

Machicha ya kimea wape kuku au ng'ombe siku hiyohiyo. Yakilala usiku mmoja kwenye joto huanza kuchacha na kunuka. Mfuko ugeuze ndani nje, uusuuze kwa maji ya moto bila sabuni yenye manukato, uanike kivulini hadi ukauke kabisa. Kabla ya kuukunja, vuta kila mshono kwa vidole na uushone upya ulipoanza kufunguka.