Kumfikisha Mama kwenye Barafu: Kupanga Safari ya Meli ya Familia Kwenda Norwei

Mama yangu ana miaka 71. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kiko Machame, na asubuhi yenye anga safi hutoka nje na kikombe chake cha chai akaitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kabla mawingu hayajaifunika. Husema enzi za usichana wake weupe ule ulishuka chini zaidi, naye hakosei: kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Mimi nina duka la kukodisha vifaa vya mlima hapa Moshi mjini. Kwa miaka 19 nimewavalisha wageni wa kila taifa waende kuiona barafu ile kwa karibu, na mama yangu mzazi, aliyeishi chini yake maisha yote, hajawahi kuifikia. Sasa magoti hayamruhusu. Ndipo nilipoanza kufikiria meli.

Tulikwenda wanne: Mama, mimi, binti yangu wa miaka 13 na mdogo wake wa miaka 8. Baba yao alibaki na duka. Mdogo wangu anaishi Uholanzi, kwa hiyo tulianzia na kumalizia kwake. Maandalizi yalinichukua mwaka mzima na miezi miwili, na sijutii hata mwezi mmoja.

Anza na ramani, meli baadaye

Watu wengi huanza kwa kuuliza meli ina mabwawa mangapi ya kuogelea. Wewe uliza inatokea bandari gani na inatia nanga wapi, kwa sababu hapo ndipo viza zako zinapoamuliwa. Meli nyingi za Norwei huondokea Southampton, na bei zake huvutia. Lakini Southampton ni Uingereza, na Mtanzania anahitaji viza ya Uingereza peke yake, kisha ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa ajili ya Norwei. Meli inayotokea Amsterdam, Hamburg, Kiel au Copenhagen inakutoa kwenye nchi ya Schengen na kukuingiza nchi nyingine ya Schengen, maana Norwei, ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya, imo kwenye Schengen tangu 2001. Sisi tulichagua Amsterdam kwa sababu KLM inaruka kati yake na KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na mzee hahitaji kukimbizana na ndege tatu.

Soma kila bandari kwenye ratiba. Ukiona meli itapitia kisiwa chochote cha Uskoti, umerudi kwenye Uingereza. Ukiona Svalbard, kule juu kabisa, fahamu kwamba ni ya Norwei lakini haimo kwenye Schengen; ukienda huko umetoka, na utahitaji viza inayokuruhusu kuingia zaidi ya mara moja ili urudi. Mtu anaweza kulipia safari yote akagundua hili akiwa amebakiza wiki mbili.

Kuna wanaotaka Nordkapp, jabali la mita 307 lililo kwenye nyuzi 71 kaskazini, ambako katikati ya mwaka jua halizami. Ni pazuri, lakini kutoka Amsterdam kwenda na kurudi ni safari ndefu. Kwa familia yenye mtoto na mzee, usiku 7 kwenye fiodi za kusini unatosha. Fiodi ni mkono wa bahari unaoingia ndani kati ya milima, na meli kubwa kabisa hupita humo huku maporomoko ya maji yakimwagika pande zote mbili. Sognefjord ina urefu wa zaidi ya kilomita 200 na kina cha kama mita 1,300. Kuna pia meli za pwani za Hurtigruten, ambazo tangu 1893 zimekuwa zikibeba watu na mizigo kwenye pwani ya Norwei, na sasa huanzia Bergen kwenda juu. Hizo ningezichagua kama tungekuwa watu wazima watupu, kwa sababu hutia nanga usiku na mchana na hazijajengwa kwa kumchangamsha mtoto.

Mwezi ni Juni. Shule zimefungwa, theluji ya milimani inayeyuka kwa hiyo maporomoko yamejaa, na kwa sisi wa biashara ya mlima msimu mkubwa bado haujashika kasi. Likizo ya Desemba usiifikirie kwa fiodi. Huko ni giza.

Karatasi

Hapa ndipo safari nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mama anaitwa Aikaeli kwenye kitambulisho cha NIDA. Cheti chake cha ubatizo kinasema Haikaeli. Cheti cha kuzaliwa hakuwahi kuwa nacho. Herufi moja ilitula miezi minne: kiapo kwa wakili, kurudi kanisani kutafuta daftari la zamani, kusubiri, kurudishwa, kusubiri tena. Ofisi moja ilitupoteza wiki tano kwa kutuelekeza dirisha lisilohusika. Kama una mzee kwenye safari, weka karatasi zake zote mezani leo hii, uzisome jina kwa jina na tarehe kwa tarehe, kabla hujalipa shilingi yoyote ya meli. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen.

Viza ya Schengen huombwa kwenye nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Sisi tulihesabu: siku kwa mdogo wangu zilizidi siku za bandari za Norwei, tukaombea Uholanzi. Mlango wa maombi hufunguka miezi 6 kabla ya safari na hufungwa siku 15 kabla. Usisogee karibu na huo mwisho. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na walio chini ya miaka 6 hawalipi. Kuanzia miaka 12 lazima alama za vidole, yaani Mama na binti yangu walipanda basi pamoja nami kwenda Dar es Salaam. Panga kulala huko. Usimshushe mzee kwenye basi la usiku ukampeleka dirishani moja kwa moja.

Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi, na uulize kwa maneno yako mwenyewe kama inamhudumia mtu akiugua ndani ya meli. Zahanati ya meli ipo, lakini ni ghali sana.

Taarifa ya benki ni jambo la uaminifu. Ndugu hupenda kuchanga wiki ya mwisho, akaunti iliyokuwa na laki tatu ikaamka na milioni kumi na tano. Afisa anaiona. Anzeni kuweka mapema, kidogo kidogo, na kama mmechangiwa, sema mmechangiwa na uambatishe barua. Na kwa kuwa baba wa watoto hakusafiri, tulibeba barua yake ya ridhaa iliyogongwa muhuri na wakili, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Tuliulizwa.

Chumba, bahari na pesa

Chumba cha watu wanne huwa na vitanda viwili chini na viwili vinavyoshushwa ukutani au kwenye dari, na abiria wa tatu na wa nne mara nyingi hulipa pungufu. Usimwone wa ajabu anayechagua chumba cha ndani kisicho na dirisha. Juni kule usiku hauingii giza lenyewe, na mtoto wa miaka 8 anayeona mwanga saa sita za usiku hataki kulala. Chagua katikati ya meli, sitaha za chini, karibu na lifti: hapo mtikisiko ni mdogo na Mama hatembei korido ndefu.

Mtikisiko upo siku ya kwanza na ya mwisho, kwenye Bahari ya Kaskazini. Ndani ya fiodi maji hutulia kama kwenye beseni. Nunua dawa ya kichefuchefu huku nyumbani na umwulize daktari kama inapatana na za presha. Diamox ya mlimani iache. Hiyo ni ya urefu, haina kazi baharini. Dawa zote za mzee zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Nauli hulipia chumba na chakula. Tipu ya wahudumu ya kila siku kwa kila kichwa, intaneti, soda na matembezi ya bandarini ni juu yako, na jumla yake hushtua. Norwei hutumia krone, na karibu kila kitu hulipwa kwa kadi. Ipigie benki yako waifungulie kadi matumizi ya nje. Maji ya bomba yanakunywika, kwa hiyo beba chupa.

Nyama na maziwa kutoka Tanzania huruhusiwi kuingia nayo Ulaya. Ndizi unaruhusiwa. Mama alimbebea mdogo wangu mshare za mtori, zikafika salama.

Nguo

Hii ndiyo kazi yangu. Watu huniambia, "Juni Bergen ni nyuzi 16, hiyo ni Machame ya Julai." Kweli. Lakini meli ikienda kasi ya noti 20 (kipimo cha mwendo wa baharini) inajitengenezea upepo wa kilomita 37 kwa saa hata siku tulivu, na Bergen ni mji wa mvua kwelikweli. Vaa tabaka tatu: ya ndani isiyo ya pamba, flisi katikati, na koti lisilopitisha maji juu. Pamba ikilowa haikauki, inakunyonya joto. Vyote utavipata soko la Memorial hapa Moshi, kwenye mitumba, ukienda asubuhi mabelo yakifunguliwa.

Koti lijaribu hivi: vaa glavu, kisha vuta zipu juu na chini mara tano. Ikikwama sokoni itakwama kwenye sitaha, na mzee mwenye vidole vyenye baridi hataisema, atakaa tu koti likiwa wazi. Zipu ngumu ipake mshumaa pande zote mbili za meno, ivute, ipake tena. La Mama lilihitaji mara tatu. Kiuno chake nilikiacha kipana ili kitenge kiingie ndani. Na shuka la Kimasai usiliache nyumbani. Mama alilikunja miguuni kwenye kiti cha sitaha, na hakuna blanketi la meli lililolishinda.

Siku za nchi kavu

Panga kwa mwendo wa mtu wa mwisho, kama tunavyofanya mlimani. Kitu kimoja kwa bandari moja. Bergen tulipanda reli ya Fløibanen inayofika mita 320. Mama akauliza kama hapo ndipo mlimani, kwa kuwa Moshi mjini peke yake tuko juu kuliko hapo. Flåm kuna reli ya kilomita 20 inayopanda hadi mita 866, na hujaa, kwa hiyo kata tiketi miezi kabla.

Saa za kurudi melini ziandike kwa Kiswahili. Karatasi ya meli husema 16:30. Mimi nilimwandikia kila mmoja kadi: "saa kumi na nusu alasiri," na saa ya mkononi ya Mama tuliirudisha nyuma saa moja tukiwa bado uwanjani. Meli haimsubiri aliyetoka kutembea kivyake.

Bandari niliyoichagulia safari nzima ni Olden. Kutoka hapo basi hupanda bonde hadi Briksdal, ambako hushuka mkono mmoja wa Jostedalsbreen, barafu kubwa kuliko zote za bara la Ulaya. Njia ya miguu ni kama kilomita 3, lakini kuna vigari vya wazi vinavyowapandisha wasioweza. Agiza nafasi mapema, kisha mnamalizia kipande kifupi kwa miguu. Tulikitembea taratibu, Mama amenishika mkono, watoto mbele.

Barafu yenyewe imerudi nyuma, hailifikii tena lile ziwa lililo chini yake. Inaning'inia juu ya jabali, ya bluu. Mama aliitazama muda mrefu. Halafu akainama kwa shida, akavua glavu na kuingiza mkono kwenye maji. "Hii nayo inaondoka," akasema. Akaniomba chupa.

Ukiombwa chupa hiyo, usiiweke kwenye mkoba wa mkononi, maana uwanjani maji yanayozidi mililita 100 huweza kunyang'anywa. Ifunge kwa plastiki, uizungushie flisi, iingie kwenye begi kubwa. Ya Mama iko Machame, dirishani upande wa Kibo.