Hero ya Jet Li: jinsi ya kuitazama mpaka uelewe kwa nini wahakiki waligombana

Sisi tuliokulia kwenye muvi za ngumi sheria tunayoijua ni moja tu, steringi hafi. Anapigwa, anatema damu, anapanda mlimani kwa mzee mwenye ndevu nyeupe anafundishwa mtindo mpya, anarudi anamaliza kazi. Sasa Hero, ile ya 2002 ya dairekta Zhang Yimou, steringi ni Jet Li na anakufa, tena anakufa baada ya kumwacha hai mfalme ambaye yeye mwenyewe alikuja ikulu kumuua, kamfikia kabisa halafu anamgusa mgongoni na mpini wa upanga, basi. Wengi hapo ndo wanazima wakilalamika wamepotezewa muda, na mi mara ya kwanza nilikuwa mmoja wao. Kumbe tatizo halikuwa muvi, niliitazama vibaya. (Ndio, nishakuambia mwisho, lakini hii sio muvi inayoharibika kwa kujua mwisho, amini.)

Anza na lugha. Tafuta ile ya Kichina chenyewe yenye maandishi chini, achana na iliyoingizwa sauti za Kiingereza. Sababu kubwa ni neno moja, tianxia, maana yake "vyote vilivyo chini ya mbingu", yaani dunia yote, au milki yote, inategemea nani anasema. Kwenye maandishi ya toleo lililotoka Marekani waliligeuza likawa kama "nchi yetu", na hapo maana imeshapinda, kwa sababu ugomvi wote wa wahakiki umekalia hilo neno. Likitamkwa, sikiliza.

Pili, kabla hujabonyeza plei, ijue historia kidogo, dakika tano zinatosha. China ya wakati ule ilikuwa falme saba zinazochinjana na Qin ndo ilikuwa inawameza wenzake. Mwaka 227 KK jamaa anaitwa Jing Ke alitumwa kutoka ufalme wa Yan kumuua mfalme wa Qin, akaenda na zawadi mbili, kichwa cha jenerali aliyekuwa anasakwa na mfalme na ramani iliyoviringishwa, ndani ya ramani kuna jambia. Ramani ikafunguliwa mpaka mwisho, jambia likatokea, mfalme akakimbia kuzunguka nguzo huku upanga wake mwenyewe umegoma kutoka kwenye ala, na maofisa pale ukumbini hawana hata kisu maana sheria ilikataza silaha mbele ya mfalme, mpaka mganga wake akamrushia Jing Ke mfuko wa dawa! Haya yote kayaandika Sima Qian, mwanahistoria wa zamani huko huko. Jing Ke akashindwa akauawa, na mwaka 221 KK yule mfalme akamaliza kuzimeza falme zote akajiita Qin Shi Huang, kaizari wa kwanza. Ndo huyo wa jeshi la udongo, zile sanamu za askari zilizofukuliwa 1974 karibu na Xi'an. Aliunganisha maandishi, mizani, hadi upana kati ya magurudumu ya mikokoteni, na ndo huyo huyo anayesimuliwa kuchoma vitabu na kuzika wasomi. Mazuri na mabaya yake beba yote kichwani wakati unatazama, kwa sababu muvi inakuonyesha upande mmoja zaidi, na Wachina walioitazama kwenye kumbi za sinema walikuwa wanajua upande wa pili tangu shuleni.

Kitu cha kuchekesha, Zhang Yimou mwenyewe kazaliwa Xi'an, na 1989 aliwahi kuigiza askari wa Qin anayefufuka kutoka kwenye udongo, muvi iliyoongozwa na Ching Siu-tung, ambaye ndo kapanga mapigano ya hii Hero. Kwa hiyo hawa wawili na huyu kaizari wanajuana siku nyingi.

Haya, plei. Raundi ya kwanza usihangaike na nani anampiga nani, fuata rangi. Jet Li ni ofisa mdogo asiye na jina, kaja ikulu kudai kawaua wauaji watatu waliokuwa wanamwinda mfalme, na kwa kila silaha anayoleta anaruhusiwa kusogea, hatua 20, halafu 10. Anasimulia alivyowaua, na hadithi yake ni nyekundu, nguo nyekundu, kuta nyekundu, imejaa wivu na mapenzi ya hasira. Mfalme anamsikiliza halafu anamwambia huo ni uongo, anasimulia anavyodhani yeye, hapo kila kitu kinageuka bluu. Mwisho ukweli unakuja mweupe, na ndani ya mweupe kuna kumbukumbu ya kijani ya siku wawili kati ya wale wauaji walipovamia ikulu. Ikulu yenyewe ni nyeusi tupu. Ukikwama jiulize tu, hii rangi ni ya msimulizi gani na anataka nini. Watu wengi wanaosema "sijaelewa stori" walikuwa wanaamini kila wanachoonyeshwa, wakati nusu ya wanachoonyeshwa ni fiksi. Wahakiki wengi waliilinganisha na Rashomon ya dairekta Mjapani Kurosawa ya 1950 kwa sababu hiyo, ila kule hujui nani mkweli mpaka mwisho, huku ukweli unapewa.

Na angalia mishumaa. Katikati ya Jet Li na mfalme kuna mishumaa mingi, na mfalme (Chen Daoming, kaa chini mwangalie huyu mzee anavyoigiza kwa macho tu) anasoma nia ya kuua kutoka kwenye ndimi za moto zinavyoyumba. Ukiliona hilo hutaiona tena ile ikulu kama sehemu ya kuongea ongea tu.

Mapigano nayo usiyatazame kama ya ulingoni. Lile la Jet Li na Donnie Yen (mmoja wa wale wauaji watatu) kwenye nyumba ya kuchezea bao, mvua inanyesha, mzee kipofu anapiga kinanda cha nyuzi, wanasimama wamefumba macho na pambano linaenda vichwani mwao bila rangi kwanza, kamba ya kinanda ikikatika ndo wanarukiana kweli. Hawa walishakutanishwa 1992 kwenye Once Upon a Time in China II, na Jet Li kabla ya sinema alikuwa bingwa wa wushu, yaani mapigano ya jadi ya Kichina, wa China nzima, kwa hiyo huo mwili unaouona sio waya peke yake. Ila pale kwenye msitu wa majani ya njano Maggie Cheung na Zhang Ziyi wanapaa bana, waya zimo, na majani yote yanageuka mekundu mmoja akifa. Ukianza kuuliza "mtu anapaaje" umeshapotea njia, hii ni wuxia, hadithi za mabingwa wa upanga wenye viapo, humo kupaa ni kawaida. Kamera ni Christopher Doyle, muziki Tan Dun, nguo Emi Wada wa Japani.

Sasa mwisho. Mmoja wa wale wauaji watatu, Upanga Uliovunjika (Tony Leung), ndo anamwandikia Jet Li herufi mbili za Kichina mchangani, tianxia. Maana yake, muache mfalme aishi, akiunganisha falme vita vitaisha. Hapa simamisha kabla hujasoma mhakiki yeyote na ujijibu mwenyewe, unakubaliana naye au hukubaliani? Usirukie hii hatua, ukisoma wahakiki kwanza utaazima jibu lao.

Ukishajijibu ndo uende kwa wahakiki, na ukienda wagawe mafungu mawili. Fungu la kwanza wanahukumu kwa macho. Roger Ebert aliipa nyota tatu na nusu kwa nne, kwenye tamasha la filamu la Berlin 2003 ikapata tuzo ya Alfred Bauer, Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni iliteuliwa ikapigwa na ya Kijerumani, Nowhere in Africa, ambayo stori yake iko Kenya na Kiswahili kinaongeleka humo, sijui ushangilie nani. Marekani kampuni ya Miramax iliikalia mpaka Agosti 2004, wakaitoa na jina la dairekta wa Marekani Tarantino juu ya bango lake ingawa hakuitengeneza yeye, ikashika namba moja wikiendi ya kwanza na kama dola milioni 18.

Fungu la pili wanahukumu kwa mwisho. J. Hoberman wa Village Voice alisema wazi kwamba ule utukufu wa kiongozi katili na watu kujitoa kafara kwa ajili ya taifa unanuka ufashisti. China nako muvi iliingiza hela nyingi kuliko yoyote ya kwao kabla yake, huku wahakiki wa huko huko wakiichapa, stori nyepesi, dikteta kasafishwa. Na hasira ya hawa utaielewa ukijua kwamba Zhang ndo yule ambaye To Live yake ya 1994 ilizuiwa kuonyeshwa China. Walimwona kama mtu aliyevuka kwenda upande wa ikulu, na aliposimamia ufunguzi wa Olimpiki Beijing 2008 wakasema si tuliwaambia.

Unaposoma mhakiki mmoja mmoja angalia kitu kimoja, je anaitaja sura ya mfalme kwenye dakika za mwisho? Wengi wa mafungu yote mawili wanairuka. Mi naona Hoberman ana hoja nzito, lakini anasoma kama vile muvi imeisha kwa kelele za maofisa wanaodai auawe, na haiishii hapo. Ukitaka kupima zaidi tafuta The Emperor and the Assassin ya Chen Kaige ya 1998, kisa kile kile cha Jing Ke, mfalme yule yule, ila humo ukatili wake unaoneshwa kwa urefu.

Halafu rudia Hero, dakika kumi za mwisho tu. Mishale imejaa mlango mzima wa ikulu mpaka mbao hazionekani, katikati kumebaki uwazi wenye umbo la mtu. Simamisha hapo, kisha mtazame mfalme.