Kontrola mpya, diski zilezile: namna ya kuzihamishia umiliki

Kontrola (ubongo unaoendesha diski) ya NetApp, mashine ya kuhifadhia data, ikifa ukafunga nyingine, mashine itawaka vizuri lakini data huioni. Tulia. Data ipo. Kila diski imeandikwa namba ya mfumo ya kontrola iliyokufa, na hiyo mpya imekuja na namba yake.

Naeleza mashine ya kontrola moja. Zikiwa mbili na nzima imebeba mzigo wa mwenzake, usihamishe diski kwa mkono. Kontrola mpya ikikuuliza kuhusu namba ya mfumo jibu `y`, ngoja iandike `Waiting for giveback`, kisha toa `storage failover giveback` upande wa ile nzima. Umiliki utahama wenyewe.

Anzia kwenye LOADER, yaani skrini ya amri kabla mfumo haujawaka, uangalie saa kwa `show date`. Hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa kwa mteja mmoja Posta, saa nne usiku, nikaandika 22:00. Saa ya ndani ya kontrola ni ya GMT, nyuma yetu masaa 3. Nilipaswa kuandika 19:00. Asubuhi watu wakafika kazini, mafaili hayafunguki: Kerberos, mfumo wa kuhakiki watumiaji kwenye mtandao, kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Tarehe nayo huanza na mwezi:

`set date mm/dd/yyyy`
`set time hh:mm:ss`

Sasa andika `boot_ontap maint`. Wengine hupitia menyu ya Ctrl-C na kuchagua 5. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu namba 4 iliyo jirani yake inafuta diski zote, na usiku wa manane kidole huteleza. Ukiulizwa kuhusu namba ya mfumo, jibu `y`. Kisha:

`disk show -v`

Juu kabisa kuna `Local System ID`: hiyo ndiyo mpya. Ya zamani iko kwenye mabano, pembeni ya jina la mmiliki. Ziandike zote mbili kwenye karatasi, kwa kalamu, mwenzako akusomee tarakimu moja moja. Halafu:

`disk reassign -s namba_ya_zamani -d namba_mpya`

Rudia `disk show -v`. Simama mbele ya rafu uhesabu diski kwa kidole, idadi ilingane na ya kwenye skrini, zote zikiwa na namba mpya. Zikilingana, `halt`, kisha `boot_ontap`. Leseni zilizofungwa kwenye serial number ya kontrola ya zamani utaziomba upya.