SOMO: Kazi za wikendi za programu na ufundi, Kisumu hadi Nakuru (soma kabla ya kuniuliza)

Ujumbe ni ule ule kila wiki: "Kazi za wikendi zinapatikana wapi?" Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hivyo yote nimeyaweka hapa. Ukiuliza jambo lililomo humu, nitakutajia namba ya hatua na kwenda zangu.

Somo ni la mtu aliyeajiriwa Jumatatu hadi Ijumaa na ujuzi anao tayari: anaandika programu, anavuta kebo za mtandao, anafunga kamera, stima au sola. Ujuzi wenyewe sifundishi hapa.

1. Soma barua yako ya ajira. Ikikataza kazi ya pembeni, omba ruhusa kwa maandishi au achana na hili.

2. Chagua kazi moja uitaje kwa jina. "Nafanya IT" haimwambii mwenye agroveti kitu. "Nafunga kamera nne na unaziona kwenye simu" inamwambia.

3. Leseni. Stima ya majumbani na sola ziko chini ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati. Fundi wa sola ana madaraja ya T1, T2 na T3, kuanzia mifumo midogo hadi mikubwa. Kuandika programu hakuhitaji leseni.

4. Wateja wako wapi. Anzia kwenye kaunta ya duka la vifaa vya stima. Mtu akishanunua kamera au inveta, swali linalofuata ni "mnamjua fundi?" na muuzaji hutaja jina la kwanza linalomjia. Fanya liwe lako: nunua vifaa kwake, lipa kwa wakati, wala usimrudishie kifaa ulichokiunguza mwenyewe ukidai kilitoka kiwandani kibovu. Ukitoka hapo pitia saiba zinazojazia watu marejesho ya KRA. Mwenye saiba anawajua wafanyabiashara wote wanaoteseka na hesabu za daftari. Shule za kibinafsi zina kazi nzuri, ila wahi majuma ya mwisho ya likizo ya Agosti na ya Desemba. Zikishafunguliwa, mkuu wa shule hana muda nawe. Makanisa yana kazi nyingi za vipaza sauti, lakini malipo hupitia kamati, na kamati haina haraka.

Mtu wa programu asiyejua kushika ngazi amtafute mvuta kebo washirikiane. Duka linalotaka mfumo wa mauzo linataka pia soketi, rauta na UPS (betri ya kushikilia stima ikipotea), na halitaki kuwapigia watu watatu.

5. Kaone mahali kabla ya kutaja bei. Pima kwa futi kamba, kwa njia ambayo kebo itapita kweli: inapanda ukutani, inazunguka boriti, inashuka. Mita 40 za macho zinaweza kufika 60 za kebo. Kebo ya mtandao ya Cat6 isizidi mita 100 kutoka swichi hadi kifaa. Angalia stima inaingilia wapi na kama waya wa ardhini upo kweli au ni soketi tu yenye matundu matatu. Piga picha kila kitu. Toza nauli ya ziara hiyo na uikate kwenye bei kazi ikipatikana; asiyetaka kulipa hata nauli amekupa habari muhimu bure.

6. Bei na karatasi. Vifaa kando, ufundi kando. Vifaa mteja alipe dukani mwenyewe na risiti iandikwe jina lake. Ufundi nusu mbele, 40% ukimaliza, 10% baada ya majuma mawili bila hitilafu. Bei ya chini kabisa: gawanya mshahara wako wa mwezi kwa 22, zidisha kwa moja na nusu, hiyo ndiyo siku moja. Ongeza nauli, pamoja na safari moja ya kurudi, kwa sababu utarudi. Karatasi ya makubaliano iwe ukurasa mmoja, na mstari wenye thamani kuliko yote ni ule wa mambo ambayo HUTAFANYA: "Bei hii haihusu kuingiza bidhaa kwenye mfumo." Bila mstari huo utakaa Jumapili nzima ukiandika majina ya dawa za kupe.

7. Usifungue Jumamosi usichoweza kufunga Jumapili. Hapa ndipo wengi huangukia, kwa hivyo soma polepole. Jumatatu asubuhi wewe uko kazini kwako, na mteja ana foleni. Ukiacha kitu nusu, hasara ni yake na simu ni yako. Kanuni ni kwamba kilichokuwa kinafanya kazi Ijumaa hakiguswi hadi kipya kimethibitika. Mfumo mpya wa mauzo uende sambamba na daftari kwa majuma mawili. Kamera za zamani zisishushwe hadi mpya zimerekodi usiku mmoja.

Chukua mfano wa kuunganisha duka na M-Pesa kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa programu kuzungumza na M-Pesa. Kwenye mazingira ya majaribio unatumia namba ya biashara ya majaribio, 174379, na kila kitu kinapita, unajiona umemaliza. Kuhamia mazingira halisi kunahitaji jina la msimamizi wa akaunti ya biashara, na namba ya siri ya muda hutumwa kwenye simu iliyosajiliwa. Simu hiyo iko mfukoni mwa mwenye duka, na mwenye duka Jumamosi yuko matangani Siaya. Basi hatua hiyo ifanyike Ijumaa jioni, naye ameketi kando yako.

Mitego mingine ya kazi hiyo hiyo:

Till (namba ya kununulia bidhaa) si Paybill (namba ya kulipia inayodai pia namba ya akaunti). Kwa Till, ombi unalotuma lijazwe hivi: aina ya muamala ni CustomerBuyGoodsOnline, BusinessShortCode ni namba ya stoo ("store number"), na Till yenyewe inakaa kwenye PartyB. Ukiweka Till pande zote mbili, ombi linakataliwa na utapoteza mchana mzima ukitafuta kosa kwenye nywila.

Tokeni, kibali cha muda ambacho Daraja huipa programu yako, hufa baada ya saa moja. Programu iombe nyingine yenyewe, la sivyo kilichofanya kazi Jumapili saa kumi kitakufa saa kumi na moja, ukiwa umeshapanda matatu.

Anwani ya kupokea majibu iwe ya HTTPS (iliyofichwa kwa usalama) na ifikike kutoka nje. Kompyuta iliyo dukani nyuma ya rauta haifikiki, kwa hivyo kodi seva ndogo. Hifadhi CheckoutRequestID, namba ya ombi la malipo, kabla ya kusubiri jibu, na jibu lisipokuja uliza hali ya muamala. Msimbo 0 ni malipo yamepita, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikupatikana au mteja hakujibu. Usiruhusu kamwe mhudumu atoe mzigo kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe wa M-Pesa.

Kalenda nayo ni sehemu ya kazi. Wateja Waadventista hufunga Jumamosi, hao wapange Jumapili. Walio karibu na soko la Kibuye, Kisumu, usiwaguse Jumapili, siku yake kuu. Kazi ya juu ya mabati Kisumu na Kakamega ifanywe asubuhi, maana mvua ya radi hupenda alasiri.

8. Kukabidhi: nywila zote kwa mteja, jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lake wala si lako, na umwone akitumia mfumo peke yake mbele yako.

---

MASWALI

Mtu wa Nyalenda: Bosi, asante sana. Sasa nitumie namba za wateja watatu tu nianzie.

Mwandishi: Hatua ya 4.

Mtu wa Nyalenda: Nimesoma lakini mimi sina muda wa kuzunguka madukani.

Mwandishi: Basi huna wikendi ya kuuza.

Binti Njoro: Mwalimu, shikamoo. Shule moja ya msingi huku kwetu inataka mfumo wa karo: malipo ya Paybill yaingie moja kwa moja kwenye akaunti ya kila mwanafunzi. Wanataka kabla ya muhula. Naweza kuifanya kwa wikendi mbili? Najua Python na Django.

Mwandishi: Marahaba dada. Unaweza, ukiigawa. Wikendi ya kwanza: orodha ya wanafunzi, namba ya usajili ya kila mmoja, na ukurasa wa mhasibu kuingiza malipo kwa mkono. Hapo tayari shule ina kitu kinachotumika. Wikendi ya pili: C2B, yaani malipo ya mteja kwenda kwa biashara. Mzazi akiandika namba ya usajili kama namba ya akaunti, malipo yanajipeleka. Sasa sikiliza: wazazi hawaandiki namba, wanaandika "Brayo darasa la nne". Usiyakatae malipo hayo. Yaweke kwenye foleni ya yasiyojulikana, mhasibu ayapange mwenyewe. Na anwani ya kupokea majibu usiitie neno "mpesa" ndani yake, haitasajilika. Mwisho, hizo ni data za watoto: kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hivyo usibaki na nakala kwenye kompyuta yako ukishakabidhi.

Binti Njoro: Mzazi akilipia watoto wawili kwa mara moja?

Mwandishi: Swali zuri. Mruhusu mhasibu kugawa malipo moja kwa akaunti mbili, lakini namba ya muamala ibaki moja. Ukitengeneza mbili za kubuni, siku ya ukaguzi hesabu hazitalingana na taarifa ya M-Pesa.

Sola Bungoma: Mambo ya leseni ni ya kutishia watu. Nimefunga nyumba nyingi na sijaulizwa.

Mwandishi: Utaulizwa siku nyumba ikiungua, na atakayeuliza hatakuwa mimi.

Sola Bungoma: Si kila mtu ana pesa ya mitihani, kaka. Usidharau watu.

Mwandishi: Sijamdharau mtu. Fanya chini ya fundi mwenye leseni, yeye akague na kutia sahihi, mgawane. Wengi huanza hivyo na hakuna aibu.

Kebo Kakamega: Kamera zangu za analogi kwenye gesti moja: radi imeua DVR, mashine ya kurekodi. Nimeweka kinga ya soketi lakini naogopa itarudi. Tatizo ni nini?

Mwandishi: Kinga yako inalinda upande wa stima tu. Kebo ya kamera inayotoka jengo moja hadi jingine ni njia nyingine kabisa: radi ikipiga karibu, ardhi za majengo mawili hutofautiana kwa volti nyingi na tofauti hiyo husafiri ndani ya kebo hadi kwenye DVR. Fanya mambo matatu. Weka kinga ya BNC (plagi ya kebo za kamera za analogi) kila mwisho wa kebo ya nje. Unganisha kinga hizo kwenye waya wa ardhini wa kweli, mfupi, usiopindapinda. Na kama ni kujenga upya, kati ya jengo na jengo pitisha faiba (kebo ya nyuzi za kioo) na kigeuzi kila upande. Kioo hakipitishi umeme, ila chagua faiba isiyo na waya wa chuma ndani.

Kebo Kakamega: Nimeelewa. Na diski ya 1TB itabeba siku ngapi kwa kamera nne?

Mwandishi: Tuseme kila kamera inarekodi megabiti 2 kwa sekunde. Nne ni megabiti 8, yaani megabaiti 1 kwa sekunde, ambayo kwa siku ni kama gigabaiti 86. Diski ya 1TB inabeba siku 11 hivi. Mteja akitaka mwezi, muuzie 3TB au zaidi, au urekodi panapotokea mwendo tu.

Omera wa Manyatta: Somo refu sana. Kwa kifupi, bei ya wikendi ni ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 6. Ina kugawanya na kuzidisha tu.

Mhasibu Lanet: Niongezee la kodi. Wateja wakubwa watataka ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa sababu tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara hiyo hayakubaliki kwenye hesabu zao za kodi. Jisajili mapema kwa PIN yako, usingoje siku ya kulipwa. Na malipo ya kitaalamu yakifika shilingi 24,000 kwa mwezi, mteja anapaswa kukata 5% na kuipeleka KRA.

Mwandishi: Asante mhasibu. Wengi hudhani hiyo 5% wameibiwa. Hapana, ni kodi yako iliyotangulia. Omba cheti chake uitumie kwenye marejesho.

Kijana Milimani: Kazi za mtandaoni za Marekani je? Si bora kuliko kupanda ngazi?

Mwandishi: Ni nzuri kama unaweza kungoja. New York iko nyuma yetu kwa saa 7 au 8 kutegemea msimu, kwa hivyo Ijumaa yao ya jioni ni usiku wetu wa manane. Chukua kazi isiyohitaji mazungumzo: mteja anaacha maelezo Ijumaa, anakuta imekwisha Jumatatu. Mshahara wa mwezi huu usiutegemee huko.

Kebo Kakamega: Tukiwa hapo hapo, nimeuziwa boksi la Cat6 kwa bei rahisi ajabu. Nitajuaje si shaba halisi?

Mwandishi: Kwangua waya mmoja kwa wembe. Ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukigeuka mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa kamera zinazolishwa umeme kupitia kebo hiyo hiyo, usiitumie: upinzani ni mkubwa, volti zinashuka njiani, na kamera ya mbali itajizima usiku taa za infraredi zikiwaka. Mchana itaonekana nzima, ndiyo maana watu hubadilisha kamera bure.

Binti Njoro: Mwalimu, la mwisho. Risiti zangu zinakatika pembeni kwenye printa ndogo.

Mwandishi: Ni ya karatasi ya milimita 58? Hiyo huchukua herufi 32 kwa mstari. Ya 80 huchukua 48. Umepanga mstari wa 48 kwenye mashine ya 32.

Binti Njoro: Ni ya 58. Narekebisha sasa hivi.