Boston Jumatatu, London Jumapili: linda mapaja

Kwa mnaotaka kukimbia marathoni za Boston na London mfululizo: mwaka 2025 zilipishana kwa siku 6 tu, Aprili 21 na 27. Kule Boston wengi huogopa vilima vya Newton, hasa kile cha Heartbreak karibu na kilomita ya 32. Mimi naona hatari iko mapema zaidi. Kutoka Hopkinton, mbio zinapoanzia, njia inateremka, miguu haijachoka, watu wanashangilia, na unajikuta kwenye kasi ambayo hukuipanga. Kuteremka ndiko kunakoumiza misuli ya mbele ya mapaja, na maumivu hukolea siku ya pili au ya tatu, wakati unahangaika na mizigo uwanja wa ndege.

Kwa hiyo anza kuzoea mteremko miezi kadhaa kabla, kidogo kidogo, mara moja kwa wiki. Misuli iliyokwisha kuuonja huumia kidogo safari inayofuata. Kila baada ya wiki chache, kimbia mbio ndefu Jumamosi na za wastani Jumapili, miguu ikiwa bado mizito.

Katikati ya marathoni hizo mbili usitafute mazoezi. Tembea, lala, kula wali na viazi bila aibu. Ndani ya ndege inuka mara kwa mara. Ibuprofen, dawa ya maumivu, usiimeze mbioni, kwani mwili ukiwa umepungukiwa maji, figo ndizo zinazoteseka. Ukitaka kuongeza kasi, subiri London. Njia yake ni tambarare zaidi.