Chupa ikipasuka kabla ya miezi kutimia: mambo ya kufanya, kwa maneno ya mkunga

Mara nyingi anayeniuliza si mjamzito mwenyewe, ni wifi yake au mama mkwe: "Nesi, maji yametoka lakini uchungu hana. Tusubiri kidogo?" Msisubiri. Chupa, yaani mfuko wa maji anamokaa mtoto, ikipasuka kabla ya wiki 37, safari ya hospitali inaanza saa hiyohiyo, uchungu uwepo usiwepo. Nimezeekea wodi ya wazazi mkoani Tanga, na wanaonitoa jasho ni waliokaa nyumbani siku mbili tatu wakisubiri uchungu, wakaja na homa.

Kwanza ujue kama ni maji kweli. Mimba ikiwa kubwa mkojo hutoroka ukicheka au ukipiga chafya, na ute nao huongezeka. Kakojoe, jifute, vaa pedi kavu, jilaze kama nusu saa, kisha inuka. Maji ya uzazi hujikusanya ndani ukiwa umelala. Ukisimama yanashuka hadi mapajani na huwezi kuyabana. Hayana harufu ya mkojo. Yakiwa salama huwa kama maji ya dafu, pengine na chembe nyeupe. Bado una shaka? Hesabu ni maji, uende.

Angalia saa yalipoanza kutoka, uikumbuke. Usiitupe ile pedi, uje nayo kwenye mfuko. Mimi huisogeza dirishani niione vizuri. Rangi ya kijani maana yake mtoto amejisaidia tumboni. Damu, harufu mbaya, homa, tumbo linalouma likiguswa, mtoto aliyepunguza kucheza: hayo yote mwambie nesi wa kwanza utakayekutana naye, usingoje foleni. Na ukihisi kitu kama kamba kinateleza ukeni, hicho ni kitovu. Usikirudishe. Piga magoti, kifua chini, makalio juu, mwenzio apige simu.

Simu yenyewe kwa Tanzania ni 115, haitozwi, ni ya mfumo wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wa dharura. Njiani lala ubavu wa kushoto. Bodaboda iwe ya mwisho kabisa, pale ambapo hakuna kingine.

Beba kadi ya kliniki hata ukisahau kanga zote. Daktari ataanza kwa kuuliza mimba ina wiki ngapi, maana matibabu yote yanafuata hapo. Kama uliwahi kupiga ultrasaundi ya miezi ya mwanzo, karatasi yake ni dhahabu.

Sasa hili la kusisitiza: kisiingie kitu chochote ukeni. Si maji ya kujisafishia ndani, si mitishamba, si mume, si vidole vya bibi anayetaka kujua njia imefunguka kiasi gani. Maji yakishatoka, vijidudu vina njia nyeupe ya kupanda kwa mtoto. Hata sisi wauguzi, kama huna uchungu, hatupaswi kukupima kwa vidole. Daktari anaangalia kwa spekula safi, kile kifaa cha kufungulia uke. Nesi akija na glavu, muulize kwa adabu: "Sista, ni lazima unipime kwa vidole?" Najua baadhi ya wenzangu hawatapenda nimeliandika hili.

Mimba ikiwa kati ya wiki 24 na 34, na hakuna dalili za maambukizi, utachomwa deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto, kwa kawaida miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Si sindano ya kununua duka la dawa. Ichomwe mahali penye huduma ya watoto njiti, na ndiyo sababu unaweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Utameza pia erithromaisini, dawa ya kuzuia maambukizi, miligramu 250 mara nne kwa siku, siku 10. Zimalize. Uchungu ukikaribia kabla ya wiki 32, kuna magnesiamu salfeti ya kuukinga ubongo wa mtoto. Mwili utafukuta joto, usiogope. Chini ya wiki 24 mazungumzo ni magumu, mapafu huenda yasikue, na mna haki ya kuelezwa ukweli wote mkiwa wawili.

Hapo ndipo ndugu huanza kulalamika: "Wamemlaza tu, hawamwekei hata dripu ya uchungu!" Kumlaza ndiyo tiba. Kila siku ya tumboni inamfaa njiti, ilimradi hakuna maambukizi. Tunapima joto, mapigo ya moyo yako na ya mtoto, tunaangalia pedi. Joto likifika 38 au mapigo ya mtoto yakipanda na kubaki juu, hatusubiri tena, mtoto anatolewa. Mambo yakiwa shwari tunavuta hadi wiki 37. Lakini wengi hujifungua ndani ya wiki moja, kwa hiyo nguo za mtoto ziwe tayari. Kunywa maji, hayazibi chupa, ila mtoto naye anakojoa, na mkojo wake ndio unaojaza tena.

Na mama mkwe, chupa haikupasuka kwa sababu aliinua mikono kuanika nguo. Mara nyingi ni maambukizi ya njia ya uzazi au ya mkojo, au mapacha, au sigara, au iliwahi kumtokea. Na mara nyingine hata sisi hatuoni sababu.

Njiti akizaliwa, anza kukamua maziwa siku hiyohiyo hata yatoke matone, na umbebe kifuani ngozi kwa ngozi, kanga ikimshika vizuri. Baba pia anaweza kumbeba. Mimba ijayo, siku ya kwanza ya kliniki sema: "Niliwahi kupasuka chupa mapema." Waiandike kwenye kadi ukiwa unaangalia.